Homa ya Ini C na Mishipa ya Damu ya Ubongo

Kati ya mwaka 1991 na 1992 watafiti nchini Taiwan waliandikisha wakazi 23,665 wa vitongoji saba, wote wa umri wa miaka 30 hadi 65. Waliwahoji kuhusu sigara, pombe na maradhi waliyokuwa nayo, wakachukua damu yao na kuihifadhi kwenye baridi kali. Damu hiyo ilipopimwa, watu 1,307 walikutwa na kingamwili za homa ya ini C, ishara kwamba virusi viliwahi kuingia mwilini mwao. Baada ya hapo kazi ikawa ya subira. Majina ya wakazi wote walioandikishwa yalilinganishwa na kumbukumbu za vifo za taifa, na hadi hesabu inafungwa watu 255 walikuwa wamefariki kwa maradhi ya mishipa ya damu ya ubongo, ambayo sehemu kubwa ni kiharusi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kwa watu wasio na kingamwili hizo, uwezekano wa kufa kwa maradhi hayo katika kipindi chote cha ufuatiliaji ulikuwa asilimia 1.0, kwa waliokuwa nazo, asilimia 2.7. Hata baada ya kuweka kando mchango wa vihatarishi vya kawaida vya kiharusi, waliokuwa nazo walibaki na hatari mara 2.18 ya wenzao. Takwimu iliyonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito ni nyingine. Watafiti walipima pia wingi wa virusi katika damu. Wale ambao virusi vyao havikuonekana tena walikuwa na hatari ya mara 1.40, tofauti ndogo isiyoweza kuthibitisha chochote. Wenye virusi vichache ilikuwa mara 2.36, na wenye virusi vingi mara 2.82. Virusi vinapoongezeka, hatari nayo inapanda. Mpangilio wa namna hiyo haupatikani kirahisi kwa bahati nasibu.

Virusi vinavyojulikana kwa kushambulia ini vinahusianaje na mshipa wa damu kichwani? Swali hili limewashughulisha madaktari wa ini, wa moyo na wa mishipa ya fahamu kwa zaidi ya miaka 20, na majibu yake hayajakaa mahali pamoja. Kwa maoni yangu, ushahidi uliopo unatosha kumfanya daktari anayekadiria hatari ya kiharusi aiulizie homa ya ini C. Hautoshi kuipa uzito sawa na presha.

Kwanza tuvijue virusi hivi vyenyewe. Katika miaka ya 1970 Harvey Alter wa Marekani alionyesha kwamba watu waliokuwa wakiongezewa damu walipata homa ya ini ambayo haikutokana na virusi vya A wala vya B. Mwaka 1989 Michael Houghton, pamoja na Qui-Lim Choo na George Kuo, walivitambua virusi vyenyewe, na mwaka 2020 Alter, Houghton na Charles Rice wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Kati ya watu 10 wanaoambukizwa, kama 3 hupona wenyewe ndani ya miezi sita. Waliobaki hukaa na virusi maisha yao yote wasipotibiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 50 wanaishi na maambukizi hayo sugu, na wengi wao hawajui. Mtu anaweza kulima, kufanya biashara na kulea watoto kwa miaka 20 au 30 bila maumivu yoyote, huku damu yenye virusi ikipita katika kila mshipa wa mwili wake, wa ubongo ukiwemo.

Wapo wenye shaka, na hoja yao ni ya kweli. Wanasema homa ya ini C huwapata zaidi watu ambao tayari maisha yamewaweka karibu na kiharusi: wavutaji sigara, wanywaji, wanaojidunga dawa za kulevya, maskini wasiofika kliniki, wenye VVU. Ukiwakuta na kiharusi, utajuaje kwamba kosa ni la virusi? Katika tafiti nyingi za Ulaya na Marekani hoja hiyo ni ngumu kuiondoa, na baadhi ya tafiti zilipochuja vihatarishi hivyo hazikuona tena uhusiano wowote na kiharusi. Ndiyo sababu napenda mfano wa Taiwan. Huko maambukizi mengi ya kizazi kile yalitokana na sindano za matibabu zisizochemshwa vizuri pamoja na damu ya kuongezewa. Walioambukizwa walikuwa wakazi wa kawaida waliokwenda kutibiwa. Hata hivyo utafiti huo nao una upungufu: ulihesabu vifo vilivyoandikwa kwenye vyeti, kwa hiyo aliyepata kiharusi akapona, au akabaki amepooza upande mmoja, hakuingia kwenye hesabu.

Mwaka 2016 Salvatore Petta na wenzake nchini Italia walikusanya tafiti nyingi za namna hii na kuzichambua kwa pamoja. Waligundua kwamba wenye homa ya ini C walikuwa na uwezekano zaidi wa kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa, na zaidi ya mara mbili ya uwezekano wa kuwa na maganda ya mafuta katika ateri za shingo. Kwa matukio yenyewe ya moyo na ubongo ongezeko lilikuwa dogo zaidi, kama asilimia 30. Jambo la kuzingatia ni kwamba athari ilikuwa kali zaidi mahali ambapo watu wengi walikuwa na kisukari au presha. Nalisoma hivi: virusi hivi vikimkuta mtu ambaye mishipa yake tayari inaumia, vinaongeza kasi ya madhara.

Ateri za shingo zinastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndizo zinazopeleka sehemu kubwa ya damu ubongoni, na ziko juu juu kiasi kwamba zinaonekana kwa ultrasaundi. Mgonjwa hulala chali, kidevu kimeinuliwa, daktari anapitisha kifaa pembeni ya koromeo. Kwenye kioo ukuta wa ateri hujitokeza kama mistari miwili inayokwenda sambamba, na daktari hupima unene wa tabaka za ndani kwa sehemu za milimita. Ukuta ukiwa umenenepa, au ukiwa na ganda lililochomoza kuingilia njia ya damu, hiyo ni dalili ya kwamba mafuta na seli za kinga vimejikusanya humo kwa miaka. Kipande cha ganda hilo kikimeguka, au damu ikaganda juu yake na bonge likasafiri, kituo chake kinachofuata ni ubongo. Mwaka 2002 Nobukazu Ishizaka na wenzake nchini Japani waliripoti kwamba watu waliokutwa na kingamwili za homa ya ini C walikuwa na kuta nene na maganda mengi zaidi kuliko wenzao. Baadaye watafiti wa Florence, Italia, walichunguza maganda yaliyoondolewa kwa upasuaji katika shingo za wagonjwa wenye maambukizi, wakakuta humo chembechembe za urithi za virusi vyenyewe. Kukutwa mahali pa tukio si sawa na kuthibitishwa kutenda kosa, lakini ugunduzi huo ulifanya iwe vigumu kuendelea kusema virusi hivi vina shughuli na ini peke yake.

Vinafanyaje kazi? Njia ni zaidi ya moja. Ya kwanza ni mchochota, yaani ile hali ya kinga ya mwili kubaki imewaka muda wote. Kinga inapambana na adui asiyeondoka, na silaha zake, zikiwemo protini zinazoitwa interlukini 6 na TNF alfa, huzunguka katika damu kila siku. Utando laini unaofunika mshipa kwa ndani haupendi hali hiyo. Hupoteza uwezo wa kutanuka vizuri, hunasa seli za kinga, na huruhusu mafuta yapenye chini yake.

Njia ya pili inapita kwenye sukari. Virusi vya homa ya ini C huvuruga jinsi seli za ini zinavyoitikia insulini, na wenye maambukizi sugu hupata kisukari cha aina ya pili zaidi ya wengine. Ini lao pia hujaa mafuta, hata kwa mtu mwembamba. Kisukari kinajulikana tangu zamani kwa kuharibu mishipa mikubwa ya shingo na hata ile myembamba kabisa iliyo ndani ya ubongo. Kwa hiyo mtafiti akichuja kisukari ili abaki na athari ya virusi pekee, huenda anatupa sehemu ya athari yenyewe, maana kisukari hicho huenda kililetwa na virusi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata madaktari. Mgonjwa wa homa ya ini C mara nyingi huwa na lehemu ya chini. Virusi hutumia mafuta ya mwili kujivika na kusafiri, wakati huohuo vikivuruga utengenezaji wa mafuta ndani ya ini, hivyo kipimo cha damu hutoka kizuri. Daktari akikitazama humpongeza mgonjwa na kumruhusu aende nyumbani, ilhali ateri zake za shingo zinazidi kunenepa kwa sababu nyingine. Kwa mgonjwa huyu lehemu nzuri si kinga, na anayepanga matibabu kwa kipimo hicho peke yake anakosea.

Njia ya tatu ni ya wachache, lakini ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Kinga ikichokozwa kwa miaka mingi na virusi hivi, kwa baadhi ya watu hutengeneza kingamwili za ajabu zinazoungana mafungumafungu na kuganda damu inapopoa. Madaktari huziita krayoglobulini. Karibu nusu ya wenye maambukizi sugu hukutwa nazo, ingawa wanaougua kutokana nazo ni wachache. Mafungu hayo hukwama katika mishipa midogo na kuzifanya kuta zake zivimbe. Kwa kawaida mgonjwa huonyesha madoa mekundu au ya zambarau miguuni, maumivu ya viungo, uchovu na ganzi ya nyayo. Mara chache mishipa inayoshambuliwa ni ya ubongo: mtu anapata kiharusi, au kuchanganyikiwa, au kipimo cha MRI kinaonyesha vidonda vidogovidogo katika sehemu nyeupe ya ubongo. Ukimwona mtu wa makamo aliyepooza ghafla, presha yake si mbaya, na miguuni ana madoa hayo, kipimo cha homa ya ini C hakipaswi kusubiri.

Njia ya nne ni mpya na kwangu ndiyo inayosisimua zaidi. Mishipa ya ubongo si kama ya sehemu nyingine za mwili. Seli za kuta zake zimebanana sana kiasi kwamba vitu vingi vilivyomo kwenye damu haviwezi kupenya, na ulinzi huo ndio unaoufanya ubongo uwe na mazingira yake mwenyewe. Mwaka 2012 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, lilionyesha kwamba seli hizo hizo zina vipokezi vyote ambavyo virusi vya homa ya ini C huvihitaji ili kuingia. Walipoziambukiza maabara, virusi viliingia na kuzaliana, seli nyingine zikafa, na ukuta ukaanza kuvuja. Walichunguza pia ubongo wa marehemu waliokuwa na maambukizi na wakakuta alama za virusi kwa baadhi yao. Ugunduzi huu unasaidia kueleza malalamiko ambayo wagonjwa wamekuwa wakiyatoa kwa miaka bila kusikilizwa: uchovu usioisha, usahaulifu, kushindwa kushika jambo moja akilini, hata pale ambapo ini bado ni zima. Ni matokeo ya maabara na ya watu wachache, kwa hiyo siyapi uzito wa Taiwan. Lakini yanaonyesha kwamba virusi vina njia ya kuufikia mshipa wa ubongo wenyewe, bila kupitia kwenye sukari wala mafuta.

Hadi hapa nimezungumzia zaidi kiharusi cha mshipa kuziba. Kile cha mshipa kupasuka kina maelezo mafupi. Ini likishajaa makovu na kusinyaa hushindwa kutengeneza protini za kugandisha damu, na chembe sahani hupungua. Mtu huyo akiwa na presha isiyodhibitiwa, mshipa ukipasuka kichwani damu itachelewa kukoma. Hatari hii hushuka ini likitunzwa kabla halijafika hapo.

Kwa miaka mingi mjadala huu haukuwa na faida kubwa kwa mgonjwa, kwa kuwa tiba yenyewe ilikuwa adhabu. Sindano za intaferoni zilichomwa kwa miezi 6 hadi 12, zikileta homa, kukonda na sonona, na kama nusu tu ya wagonjwa walipona. Nani angemtesa mtu hivyo kwa ajili ya hatari ya kiharusi isiyo na uhakika? Hata hivyo, ni kutoka kwa wagonjwa wa zama hizo hizo Taiwan ilileta habari nyingine: utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa wagonjwa waliotibiwa kwa intaferoni walipata kiharusi cha kuziba mshipa pungufu kwa asilimia 38 kuliko wasiotibiwa. Waliokubaliwa kupewa sindano hizo walikuwa watu wenye nguvu zaidi tangu mwanzo, na hilo lazima lipunguzwe kwenye furaha yetu.

Desemba 2013 Marekani iliidhinisha sofosbuvir, na kila kitu kikabadilika. Sasa ni vidonge vya kumeza kwa wiki 8 hadi 12, na zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanapona kabisa, virusi vinatoweka. Bei ya mwanzo Marekani ilikuwa dola 84,000 kwa tiba moja. Leo dawa za jeneriki kwa nchi zenye kipato cha chini zimeshafikia kama dola 60. Tafiti zilizofuata, ikiwemo ya wanajeshi wastaafu wa Marekani, zimeona matukio machache ya moyo na mishipa kwa waliotibiwa kwa vidonge hivi, na huko Italia Petta na wenzake waliona kuta za ateri za shingo zikipungua unene baada ya virusi kuondoka. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kumtibu kila mtu mzima mwenye maambukizi sugu bila kusubiri ini liharibike. Mishipa ya ubongo ni sababu nyingine ya kulitii agizo hilo mapema.

Na sisi Afrika? Misri inatuonyesha pande zote mbili. Kuanzia miaka ya 1950 hadi 1980 serikali iliwadunga wananchi dawa ya kichocho kwa sindano zilizorudiwarudiwa, na nia hiyo njema ikaifanya nchi hiyo kuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi duniani. Mwaka 2018 ilianza kampeni iliyopima karibu watu milioni 50 katika miezi michache na kuwatibu bure waliokutwa na virusi. Oktoba 2023 ikawa nchi ya kwanza kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kwa kufikia hatua ya dhahabu katika njia ya kuutokomeza ugonjwa huu. Rwanda nayo ilijiwekea mpango wa taifa wa kuutokomeza, na utafiti uliofanyika huko ulifundisha jambo ambalo Ulaya isingeliona: aina moja ya virusi vya eneo letu, iitwayo 4r, iliondoka kwa kama asilimia 56 tu ya wagonjwa waliopewa dawa ambayo kwa jumla iliponya asilimia 87. Dawa mbadala zipo, lakini ni lazima mgonjwa arudi kupimwa baada ya tiba.

Kiharusi kwetu si kigeni. Utafiti wa miaka 2003 hadi 2006 nchini Tanzania ulikuta wagonjwa wapya kama 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika eneo la Dar es Salaam lililochunguzwa, na kama 109 wilayani Hai. Mtuhumiwa mkuu ni presha isiyotibiwa, na sitaki msomaji atoke hapa akiwaza vinginevyo. Lakini lipo kundi ambalo hatari zake zinapandana: wanaojidunga heroini katika miji ya pwani, kuanzia Dar es Salaam na Unguja hadi Mombasa. Kundi hili lina homa ya ini C kwa wingi, mara nyingi pamoja na VVU, na VVU navyo vinaongeza hatari ya kiharusi. Kliniki ya Muhimbili ya methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha heroini, ilifunguliwa mwaka 2011, na wanaofika katika kliniki za aina hiyo kila siku kunywa dozi yao ni rahisi kuwapima, kuwatibu na kuwapima presha mahali hapo hapo. Kuwapeleka kwenye milango mitatu tofauti ni kuwapoteza.

Yapo mambo ya kliniki yanayopaswa kuzingatiwa. Kipimo cha haraka cha kingamwili kikionyesha chanya hakimaanishi virusi bado vipo. Lazima kifuatiwe na kipimo cha virusi vyenyewe. Mtu aliyepata kiharusi akabaki na degedege huenda anatumia fenitoini au karbamazepini, na dawa hizo huimaliza nguvu sofosbuvir, kwa hiyo zibadilishwe kwanza. Amiodaroni, dawa ya mapigo ya moyo, ikichanganywa na sofosbuvir inaweza kuyashusha mapigo kwa kiwango cha hatari. Anayetumia warfarini apimwe damu mara kwa mara, kwa kuwa ini likianza kupona dozi yake hubadilika. Kabla ya tiba apimwe pia homa ya ini B, ambayo inaweza kuamka ile ya C ikiondoka. Na virusi vikishaisha lehemu hupanda, hivyo ipimwe upya, na presha na sukari ziendelee kufuatiliwa kama kwa mtu mwingine yeyote.

Kama uliongezewa damu kabla ya kipimo cha homa ya ini C kuanza kutumika kwenye damu ya wachangiaji, kama unasafishwa figo, kama uliwahi kujidunga au kuchanjwa kwa wembe uliotumika kwa wengine, omba kipimo hicho safari ijayo unapokwenda kupima presha. Na kama ndugu yako amepata kiharusi na chanzo hakijajulikana, mwulize daktari wake kama ameshapimwa homa ya ini C.